Tunduma na Nchi ya Songwe: Maji, Njia na Mpaka

Mji wa Tunduma hutajwa mara nyingi katika habari za forodha na usafirishaji, na mara chache sana katika habari za kale. Wasafiri wapitao huko huona foleni ya magari makubwa, vibanda vya kubadilisha fedha na nyumba za wageni, kisha huondoka wakiamini kwamba mji huo ni wa juzi, wala hauna asili ila biashara. Rai hiyo ina ukweli ndani yake, kwa maana mji wenyewe ni mchanga. Walakini nchi iuzungukayo ni ya kale, na mpaka uliouzaa mji huo una historia isiyoanzia hapo mpakani. Makusudio ya makala haya ni kueleza nchi hiyo jinsi ilivyo, watu wake ni akina nani, na jinsi mstari uliochorwa Ulaya kwa ajili ya barabara moja, ambayo sasa haipo, ulivyopata kuuzaa mji ulio hai.

I. NCHI NA MAJI YAKE

Tunduma upo kusini-magharibi ya Tanzania, kiasi cha kilomita 100 magharibi ya mji wa Mbeya, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingia Zambia. Upande wa pili wa mpaka ni mji wa Nakonde, na miji hii miwili imeshikana hata mgeni asiyeonyeshwa hawezi kutambua mmoja umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi. Kwa utawala, Tunduma umo katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Makao makuu ya mkoa ni Vwawa, na wilaya zake ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha wakazi 1,344,687 katika mkoa mzima, na katika hao zaidi ya 200,000 walikuwa katika mji wa Tunduma.

Jina la Songwe lataka maelezo, maana mito iitwayo hivyo ni miwili. Songwe mmoja hutoka katika milima ya Ileje na Mbozi, ukashuka kusini-mashariki hadi Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka baina ya Tanzania na Malawi. Songwe wa pili huelekea kaskazini-magharibi, ukamwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Mito hii haikutani kamwe. Mgeni asomaye ramani upesi huchanganyikiwa, akadhani kwamba mto mmoja umepasuliwa na milima.

Nchi yenyewe ina sehemu tatu. Ya kwanza ni uwanda wa juu wa Mbozi, wenye udongo mzuri na mvua za kutosha, palimwapo kahawa, mahindi na maharage. Ya pili ni milima ya Ileje upande wa kusini, ambako makorongo ni marefu na mashamba yameinama. Ya tatu ni bonde la Rukwa upande wa kaskazini, sehemu ya Bonde la Ufa, ambako joto ni kali na ardhi ni tambarare. Tofauti ya kimo baina ya sehemu hizi ni kubwa. Tunduma umo katika nchi ipitayo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa lipo kiasi cha mita 800 tu. Mtu atokaye Mbozi kwenda bondeni hushuka ukuta wa mawe, na huko chini hukuta miti mingine, mazao mengine na magonjwa mengine.

Lakini jambo kubwa kuliko yote katika jiografia ya Tunduma halionekani kwa macho ya mpita njia. Mji huo umekaa juu ya mgongo wa nchi ugawao maji. Mvua inyeshayo upande wa kaskazini hushukia vijito viendavyo mto Momba, kisha Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Maji hayo hayaioni bahari yoyote. Mwisho wake ni kukauka juani. Mvua inyeshayo upande wa kusini-magharibi huingia katika vijito vya Chambeshi, mto ambao wanajiografia huuhesabu kuwa chimbuko la mbali kabisa la mto Kongo, nayo husafiri kupita Bangweulu na Luapula hadi Bahari ya Atlantiki. Na mvua inyeshayo milimani upande wa mashariki huenda na Songwe wa kusini hadi Ziwa Nyasa, ikatoka kwa mto Shire, ikaingia Zambezi, hata Bahari ya Hindi. Hivyo katika nchi ambayo mtu aweza kuizunguka kwa miguu kwa siku chache, maji hugawanyika njia tatu. Msomaji na alishike jambo hili, kwa sababu ndilo lililokuja kuamua mpaka.

II. WATU NA MAJINA YAO

Wenyeji wa nchi hii ni wa makabila kadhaa yenye lugha za karibu. Wanyiha wamekaa hasa Mbozi. Wanyamwanga wapo Momba na pande zote za Tunduma. Wawanda wapo chini bondeni, karibu na Rukwa. Wabungu wapo kaskazini zaidi. Na Wandali, Walambya na Wamalila wamo milimani. Mabingwa wa lugha za Kibantu, wakifuata mpango wa Malcolm Guthrie, wameziweka nyingi katika lugha hizi katika kundi la M, na Kinyiha, Kinyamwanga, Kiwanda, Kimalila na Kisafwa zimo katika tawi moja. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya watu wa nchi iliyo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, aliiita nchi hiyo ujia, nalo ni jina lifaalo sana, maana karibu kila kundi la watu lililosafiri baina ya mashariki na kusini ya Afrika limepita hapo.

Jina la Wanyiha huonekana kuwa neno lile lile la "nyika", ila katika lugha yao h imesimama mahali pa k. Wajerumani waliandika "Nyika" katika hati zao, na hata leo upande wa Zambia na Malawi jina huandikwa hivyo. Kwa hiyo msomaji wa vitabu vya zamani asidhani kwamba hao ni watu wawili mbali mbali.

Ama Wanyamwanga, masimulizi yao humtaja Musyani kuwa mkuu wao wa kwanza, aliyefika kutoka upande wa magharibi. Waiwa na Watambo, walio upande wa Zambia, huhesabiwa kuwa ndugu zao, na lugha zao zathibitisha udugu huo. Mkuu wao mwenye cheo cha Chikanamulilo yupo upande wa Zambia, na watu wake wapo pande zote mbili.

Ushahidi mzuri wa umoja wa nchi hii umo katika majina ya koo. Miongoni mwa Wanyamwanga na jirani zao, mwanamume huitwa kwa jina la ukoo lenye kiambishi Si-, na mwanamke wa ukoo huo huo huitwa kwa Na-. Mwanamume akiwa Siwale, dada yake ni Nawale. Akiwa Silwimba, dada yake ni Nalwimba. Akiwa Simukonda, dada yake ni Namukonda. Kanuni hii yatenda kazi Tunduma na Mbozi, na yatenda kazi Nakonde na Isoka vile vile. Mtu akisoma orodha ya majina ya watoto katika shule ya upande mmoja, kisha akasoma ya upande wa pili, hataweza kuuona mpaka katika karatasi hizo. Hali ni hiyo hiyo kwa Wandali, ambao ndugu zao katika milima ya Misuku nchini Malawi huitwa Wasukwa, na kwa Walambya, waliokaa Ileje na Chitipa.

III. CHUMVI, CHUMA NA MAWE YA MBINGUNI

Kabla ya kuwapo bidhaa za forodha, nchi hii ilikuwa na bidhaa zake mbili: chumvi na chuma.

Chumvi ilitoka Ivuna, katika bonde la kusini ya Ziwa Rukwa. Mabingwa wa mambo ya kale Brian Fagan na John Yellen walichimba huko, wakatangaza matokeo yao mwaka 1968. Walionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi mahali hapo tangu karne ya 13 hata ya 15. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Udongo wenye chumvi ulikusanywa, ukatiwa katika chombo chenye matundu, ukamwagiwa maji. Na maji hayo, yakiisha kuchujwa, yalichemshwa katika vyungu mpaka chumvi ikabaki. Vigae vya vyungu hivyo ndivyo vilivyowaongoza wachimbaji. Basi miaka mia nne na zaidi kabla ya kufika mzungu yeyote, Ivuna palikuwa kiwanda, na watu wa mbali walikuwa na sababu ya kulishukia bonde hilo lenye joto.

Chuma kilitoka uwanda wa juu. Wanyiha, kama Wafipa jirani zao, walijenga tanuri ndefu za udongo, zipitazo kimo cha mtu, zilizovuta upepo zenyewe kwa matundu ya chini bila ya kuvukutwa. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kina takataka, nacho kilitiwa katika tanuri ndogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Majembe yaliyofuliwa yalikuwa chombo cha kilimo, na pia yalikuwa mali ya kulipia mahari na kununulia vitu. Kazi hiyo ilikufa polepole baada ya majembe ya Ulaya kufika, maana yaliuzwa kwa bei ambayo mfua chuma hakuweza kushindana nayo.

Ni ajabu kwamba nchi iliyokuwa na wafua chuma imekuwa pia na chuma kilichoshuka kutoka juu. Huko Ndolezi, katika mteremko wa kilima cha Marengi wilayani Mbozi, kuna Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, ambalo uzito wake hukadiriwa kupita tani 12. Takriban sehemu 90 kwa mia ni chuma, na karibu 9 ni nikeli. Vitabu husema kwamba liligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott, lakini neno "liligunduliwa" halina budi kusomwa kwa hadhari. Wenyeji walikuwa wakilijua, nao walikuwa na jina lake. Ajabu ni kwamba hawana simulizi la kuanguka kwake, na kwa hiyo wataalamu huamini kwamba lilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu ya watu waliopo.

Kimondo cha pili ni kidogo sana, lakini kwa elimu kina thamani kubwa kuliko cha kwanza. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka Ivuna, na vipande vilivyookotwa havikufika kilo moja. Jiwe hilo ni jeusi, laini, lenye kaboni na maji ndani ya madini yake, nalo ni la aina adimu mno duniani. Wanasayansi huita aina hiyo CI, na herufi I ni ya Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilileta duniani mchanga kutoka jabali la angani liitwalo Ryugu, na wataalamu walipoupima waliona kwamba wafanana na jiwe la Ivuna. Hivyo jina la kijiji cha wachemsha chumvi limeingia katika vitabu vya elimu ya nyota, ingawa wanafunzi wengi wa mkoa wenyewe hawana habari nalo.

IV. MISAFARA NA VITA

Mithali husema: njia ya siku zote haina alama. Njia za ujia huu hazikuhitaji alama, kwa sababu zilikuwa zikikanyagwa daima. Lakini katika karne ya 19 waliozikanyaga walizidi kuwa watu wenye silaha. Wangoni wa Zwangendaba walipita wakielekea kaskazini, na mkuu wao akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Baadaye Wabemba walishambulia kutoka kusini-magharibi, na Wasangu wa akina Merere kutoka kaskazini-mashariki. Wakati huo huo misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa ikitafuta pembe na watumwa. Huko Karonga, kusini kidogo ya mdomo wa Songwe, Mlozi na wenzake walijenga maboma, wakapigana na kampuni ya Kiingereza ya African Lakes tangu mwaka 1887 hata 1889. Mlozi alinyongwa mwaka 1895. Kiswahili kilifika katika nchi hii pamoja na misafara hiyo, na haifai kuficha kwamba masikioni mwa wengi kilikuwa kwanza lugha ya hofu.

Hali ya watu wa kawaida katika miaka ile inajulikana kwa njia isiyo ya kawaida. Wamisionari wa Moravian walifika kusini mwa nchi mwaka 1891, na kabla ya karne kwisha walikuwa na kituo Mbozi, ambako Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha na kutafsiri Maandiko. Mmoja wao, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika maisha ya watu kadhaa kama walivyoyasimulia wenyewe. Miongoni mwao alikuwamo Msatulwa Mwachitete, mwana wa mkuu wa Wanyiha, na wanawake kama Narwimba na Chisi. Narwimba alifiwa na mumewe, naye mwenyewe akamwomba mpwa wa marehemu amwoe, apate ulinzi wa kulea watoto wake. Hata hivyo vita na utumwa viliwaandama. Chisi alitekwa angali mtoto, akapita mikono ya watu wengi kabla ya kufika Mbozi. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachapisha tena maisha hayo mwaka 1993 pamoja na maelezo yake.

Jina la Narwimba lastahili kutazamwa mara ya pili. Yaonekana wazi kuwa ni Na-rwimba, la kike la Silwimba, kwa kanuni ile iliyoelezwa hapo juu. Mwanamke huyo alipoteza mume, nyumba na amani, lakini jina lake lilihifadhi habari ya ukoo wake, nalo lingeweza kusomwa na kila mtu wa nchi hiyo, upande wowote.

V. BARABARA ILIYOCHORA MPAKA

Mwaka 1881 kulianza kazi ya kufungua barabara baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kwa fedha za tajiri wa Kiskochi James Stevenson. Nia ilikuwa kuunganisha meli za maziwa hayo mawili ili biashara ya Waingereza ipite. Barabara ya Stevenson haikukamilika kamwe. Sehemu kubwa yake ilibaki kuwa njia ya wapagazi, nayo ilifuata njia za zamani za wenyeji. Lakini katika ramani za Ulaya ilionekana kuwa barabara kubwa, na Uingereza haikukubali kuipoteza.

Basi tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipopatana juu ya Afrika ya Mashariki, mpaka ulichorwa ili barabara hiyo ibaki upande wa Waingereza. Maneno ya mapatano yaliuanza mpaka kwenye mdomo wa Songwe katika Ziwa Nyasa. Uliufuata mto huo juu, kisha ukaruka hadi ukingo wa bonde la maji ya Kongo, kama ulivyoelezwa katika Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ukaufuata ukingo huo, na mwisho ukashuka kwa mto Kilambo hadi Ziwa Tanganyika. Watia saini hawakuwa wameiona nchi. Walichukua maelezo ya maji yaliyoandikwa kwa ajili ya jambo jingine, wakayafanya kuwa mpaka wa watu. Tume ya mataifa hayo mawili ilikwenda kupima mwaka 1898, ikasimamisha alama, na mapatano yakathibitishwa mwaka 1901.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mpaka ule wafuata mgongo ugawao maji, na kwa hiyo watu wengi husema kwamba ni mpaka wa asili. Kwa maji, ni kweli. Kwa watu, si kweli hata kidogo. Mgongo wa nchi palipokuwapo maji machache ulikuwa mahali pakavu pa kupitia, na kwa sababu hiyo hiyo ndipo njia zilipopita na ndipo koo zilipotawanyika pande zote mbili. Pale maji yalipoachana ndipo watu walipokutana. Waliochora mpaka waliichukua alama ya kuachana kwa maji, wakaifanya kuwa alama ya kuachana kwa ndugu.

Upande wa Waingereza, karibu sana na mahali ulipo Tunduma leo, palijengwa kituo cha serikali kilichoitwa Fife, na jirani yake kituo cha misheni ya Kiskochi huko Mwenzo. Mwenzo pana sifa yake. Mwaka 1912 walimu wa Kiafrika, miongoni mwao Donald Siwale, Mnyamwanga, na David Kaunda, baba wa rais wa kwanza wa Zambia, walianzisha huko chama cha ustawi, wakakifufua mwaka 1923. Chama hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Hivyo siasa ya Waafrika wa nchi ile ilianza katika vijiji vya Wanyamwanga, mwendo mfupi tu kutoka mpakani.

VI. VITA VYA WAGENI

Vita vya 1914 hata 1918 vilifanya mpaka huo kuwa uwanja wa mapigano. Fife ilishambuliwa, na watu wa pande zote walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi, hata mashamba yakakosa wa kuyalima. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Northey yalivuka mpaka, yakaziendea ngome za Wajerumani, mojawapo ikiwa Igamba katika nchi ya Mbozi. Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa Novemba 1918, jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita ujia huo huo likielekea kusini, likaishambulia Fife, likaendelea hadi Kasama. Ulaya ilikuwa imekwisha kufanya amani, lakini habari zilichelewa, na jeshi hilo liliweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba.

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, na kwa muda wa miaka arobaini hivi bendera moja ilipepea pande zote mbili za mstari. Mpaka ulikuwa kama umelala. Vijana wa Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali waliuvuka kwenda migodi ya shaba ya Northern Rhodesia, wakarudi na nguo, baiskeli na maneno ya Kibemba. Mbozi nako kahawa ilishika, kwanza katika mashamba ya wazungu, kisha katika mashamba ya wenyeji, nayo imebaki kuwa zao kuu la fedha la uwanda huo.

VII. BARABARA, BOMBA NA RELI

Mpaka uliamshwa na uhuru. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, na mstari uliokuwa baina ya makoloni mawili ya mtawala mmoja ukawa mpaka wa dola mbili. Halafu, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Shaba ya Zambia na mafuta yake yalikuwa yakipita kusini. Njia hiyo ilipozibwa, Zambia iligeuza uso wake kaskazini, na kaskazini ilikuwa na mlango mmoja tu wa barabara kuu, nao ulikuwa Tunduma.

Barabara wakati ule ilikuwa ya udongo. Magari yalibeba mapipa ya mafuta yakienda, na shaba yakirudi, na wakati wa masika mengi yaliteleza makorongoni. Madereva wa kigeni waliiita njia ya jahanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi, na barabara ikatiwa lami katika miaka iliyofuata. Reli ilikuwa kazi kubwa zaidi. Mapatano na China yalifanywa mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1973 reli ikafika Tunduma na kuvuka mpaka. Njia nzima hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ilikabidhiwa kwa nchi mbili mwezi wa Julai 1976.

Tangu hapo mji haukuacha kukua. Kila gari lililosimama kungoja karatasi lilihitaji chakula kwa dereva, kitanda, fundi na mlinzi, na kila hitaji lilivuta watu kutoka Mbozi, Ileje, Rungwe na mbali zaidi. Mwezi wa Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha baina ya Tunduma na Nakonde kilifunguliwa, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Yafaa ikumbukwe kwamba kituo hicho ni juhudi ya kupunguza uzito wa mstari ambao, usingekuwapo, mji wenyewe usingekuwapo.

VIII. MAJINA YA MJI

Historia ya mji wa namna hii mara nyingi haikuandikwa. Imekaa katika majina. Kata za Tunduma zagawanyika katika mafungu mawili. Fungu moja ni la majina ya Kiswahili: Majengo, Sogea, Uwanjani, Muungano, Makambini, Maporomoko. Haya ni majina ya mji wa wageni, yanayosimulia jinsi watu walivyopanga, walivyosogezwa na walivyojenga. Kaloleni laweza kuwekwa hapo pia, maana jina hilo lapatikana Arusha, Moshi, Nairobi na katika nchi ya Wagiriama, na hapana shaka lilisafiri na watu. Fungu la pili ni Chapwa, Chipaka, Chiwezi, Katete, Mpemba, Mpande na Mwakakati. Haya yana viambishi vya lugha za ujia, kama Chi- na Ka-, na Mwa- ya majina ya koo za milimani. Ni majina ya vijiji vilivyokuwapo kabla ya foleni ya magari, ambavyo mji umevimeza.

Fungu la kwanza kila mtu hulielewa. La pili laelewa na wazee, na watoto wao wachache. Mtoto wa Tunduma hukua akisema Kiswahili nyumbani na shuleni, akisikia Kibemba sokoni, na Kinyamwanga cha bibi yake hukielewa bila ya kukisema. Si haki kukilaumu Kiswahili kwa jambo hilo. Lugha iliyoingia kwa misafara ya watumwa imekuwa lugha ya uraia, na bila hiyo mji wa watu wa makabila mengi usingeweza kukaa. Lakini lugha ya mji haiwezi kueleza kwa nini kijito fulani kinaitwa hivyo, wala ukoo fulani ulitoka wapi.

Kazi iliyobaki, basi, ni kukusanya majina na masimulizi hayo, na kuyakusanya pande zote mbili. Mtafiti wa Dar es Salaam akiishia Tunduma, na mwenzake wa Lusaka akiishia Nakonde, kila mmoja atapata nusu ya ukoo, kaka upande huu na dada upande wa pili, Siwale bila ya Nawale. Waliochora mpaka mwaka 1890 walikuwa na udhuru, maana hawakuijua nchi. Wale waijuao leo hawana udhuru huo. Barabara ya Stevenson imemezwa na majani, tanuri za Wanyiha zimeanguka, na vyungu vya Ivuna vimekuwa vigae. Wazee wawezao kuisoma nchi kwa majina yake bado wapo katika vijiji vya Momba, Mbozi, Ileje na Nakonde, nao hupungua kila mwaka.